Kiraka Kwenye Shingo ya Tarumbeta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo. Nilipewa ndoo iliyotoboka, nikaambiwa nichote maji bombani nijaze pipa la kupozea vyuma lililokuwa upande wa pili wa ua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, barua ya chifu mfukoni, viatu vya kaka yangu miguuni, na majivuno ya kijana aliyeshuka kutoka Meru akidhani watu wa Isiolo hawajui kitu. Nilipofika kwenye pipa, nusu ya maji yalikuwa yamebaki njiani na suruali yangu imelowa mbele. Mafundi walicheka mpaka wengine wakaweka vifaa chini. Msimamizi wa karakana peke yake hakucheka.

Alikuwa mtu mfupi kutoka Mwingi, vidole vyake vimeungua mara nyingi hata vikawa laini kama vya mtoto. Aliitazama suruali yangu, kisha akanitazama usoni.

"Umeona hiyo aibu?" akaniuliza. "Sasa ukitengeneza kitu halafu ivuje, kuna mama mahali atabeba hiyo aibu, na si yake. Hapa hatuna kazi ingine. Kitu ishike maji. Basi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Nawaandikia ninyi mnaojifunza kazi ya bati siku hizi, mnaotazama kwenye simu jinsi ya kukunja pindo, ili mjue sisi tulivyofanya. Na pia kuna kosa langu moja ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nitalifikia. Nivumilieni kwanza, maana mzee akianza kusimulia kazi yake hapendi kukatizwa.

Karakana ilikuwa ya idara ya maji, na ilitengeneza kila kitu cha bati kilichohitajika kutoka hapa mjini mpaka nyika za kaskazini: matangi, mifereji ya paa, hori za kunyweshea mifugo, mitungi ya kubebeshwa ngamia. Bati lilipimwa kwa geji, na kinachowachanganya wageni ni kwamba namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji ishirini na nne ilikuwa ya matangi. Geji thelathini ilikuwa ya vikombe na vibatari, nasi vijana tuliidharau. Viungo tulivikunja kwanza, ukingo huu ukiuma ule, tukavigonga kwa nyundo ya mti ili bati lisitoboke, kisha tukaviziba kwa lehemu, yaani risasi iliyochanganywa na kuyeyushwa kwa chuma cha moto. Kabla ya lehemu, mahali pale palipakwa tindikali tuliyokuwa tumeiua. Kuiua ni kutumbukiza ndani yake vipande vya zinki mpaka iache kuchemka. Tindikali ambayo haijauawa itakula bati, na ikimaliza itaanza na kifua cha fundi.

Msimamizi alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: kiraka kiwe kizito kuliko kitu chenyewe, kwa sababu mahali palipopasuka mara moja panatafuta nafasi ya kupasuka tena. Ya pili: hakuna kitu kinachotoka langoni kabla ya kujazwa maji na kuachwa muda wa mtu kunywa chai bila haraka. Akipapasa chini na kukuta unyevu, hata wa kulowesha ncha ya kidole, alikitoboa kwa msumari mbele yako, akakuambia anza upya. Mimi alinitobolea matangi matatu. La nne lilipobaki kavu alilipiga kwa kiganja, akatega sikio.

"Sikia hiyo," akasema. "Imenyamaza. Kazi nzuri inanyamaza."

Tangu siku hiyo nami nikawa mtu wa kutega sikio kwenye bati. Mke wangu alikuwa akilalamika kwamba tukienda kutembelea watu nagonga mitungi yao kabla ya kuwasalimia wenye nyumba, na hakuwa akinisingizia. Nilijua mlio wa ribiti iliyolegea, yaani kile kijimsumari cha kuungia bati, nikiwa nimesimama barabarani. Kama mwenye nyumba alikuwa akilia au akicheka, hilo lilinipita.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Oldonyiro, kwenye soko la mifugo. Huko bosi wangu alikuwa Bwana Mifugo, ndivyo tulivyomwita ofisa wa mifugo, Mborana mrefu mpole ambaye alipenda kuchuchumaa na wachungaji kuliko kukaa ofisini. Aliniambia anataka hori ya kunyweshea mbuzi na kondoo siku za mnada. Sikumuuliza neno. Nilitengeneza hori ndefu ya hatua kumi na mbili, bati zito, kingo zimeviringwa vizuri zisimkate mtu. Nikaijaza, nikanywa chai, nikapapasa chini. Kavu kabisa.

Mbuzi walipoletwa, wakubwa walikunywa. Wadogo walisimama kwenye vumbi wakilia, miguu ya mbele ikikwaruza bati langu jipya. Ukingo ulikuwa juu ya vichwa vyao.

"Fundi," Bwana Mifugo akasema, "maji umeishika vizuri sana. Hata mbuzi umeinyima."

Wachungaji walitafsiriana, wakacheka kila mmoja kwa lugha yake. Nilikasirika. Nikamwambia kazi yangu ni bati, mbuzi ni wa ofisi yake.

"Bati haina kiu," akanijibu, bila hasira yoyote.

Tulipanga mawe kando ya hori, wadogo wakapanda, wakanywa, na mambo yakaisha. Mimi niliyachukua kuwa mzaha wa watu wa mifugo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimezoea kuulizwa, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumfundisha.

Nilirudi Isiolo, nikapanda mpaka nikawa mimi ndiye msimamizi, na msumari wa kutobolea kazi za watu ukawa wangu. Niliutumia sana. Kulikuwa na mafundi waliotoka kwangu wakiwa wazuri, na kulikuwa na waliotoka wakiwa na chuki tu. Kisha matangi ya plastiki yakaanza kuja kwenye malori. Injinia wa wilaya aliniita siku moja, akanionyesha moja jeusi, refu kuliko mimi.

"Mzee, hizi zinakuja zimeshapimwa," akasema. "Hakuna kukunja, hakuna kulehemu. Wewe pumzika."

Alisema kwa heshima, lakini nilielewa. Mafundi walihamishwa mmoja mmoja, na mimi nilistaafu nikiwa na vijana wawili na mlango mmoja uliofungwa kwa waya. Nilipewa saa ya ukutani na chai ya maziwa. Nilirudi nyumbani kwangu Chechelesi, nikaweka fuawe yangu ya kugongea bati barazani, nikaanza kutengeneza majiko na makarai ya majirani. Nilisema na moyo wangu kwamba sasa nimebaki na kazi ndogo ndogo tu, na kazi ndogo haiwezi kuniaibisha.

Basi wiki chache kabla ya Krismasi wakaja watu wawili barazani. Mmoja ni Mama Nakiru, Mturkana wa kule Kiwanjani, mjane, mzee kunizidi kwa miaka mingi, ambaye nilikuwa nimemtengenezea jiko mara mbili. Mwingine ni mjukuu wake Esther, mwalimu wa chekechea. Esther alikuwa amebeba kitu kikubwa kimefungwa kwa leso.

"Habari yako, Fundi," Mama akasema.

"Nzuri, Mama. Karibuni. Mmeniletea faneli ya kumwagia mafuta ya lori?"

"Acha mchezo. Hii ni mdomo ya mzee."

Esther alifungua leso. Lilikuwa tarumbeta la gramafoni, jeusi nje, ndani lina mabaki ya rangi nyekundu, jembamba ajabu. Mdomo wake mpana ulikuwa na mabonde matatu. Shingo, ile sehemu nyembamba ya nyuma, ilikuwa imebonyea na kupasuka urefu wa kidole. Mbuzi alikuwa ameingia ndani ya nyumba, akarukia meza, akaanguka pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Kwa vijana ambao hawajaiona: gramafoni ni mashine isiyotumia umeme ya kupigia santuri, yaani sahani za nyimbo. Unazungusha mkono wa chuma, kamani, ile springi iliyo ndani ya sanduku, inakaza, sahani inazunguka. Sindano inapita kwenye mifereji ya sahani na kutikisa kiwambo chembamba kilichomo ndani ya kikombe kidogo, na tarumbeta linakikuza kile kisauti mpaka nyumba nzima isikie. Katika mashine nyingi tarumbeta limefungwa kwenye sanduku na sindano ina mkono wake. Hii ya Mama ilikuwa ya zamani zaidi. Tarumbeta lenyewe lililala juu ya mkono mwembamba wa mti, na kile kikombe chenye sindano kilichomekwa moja kwa moja kwenye shingo. Kwa hiyo uzito wa shingo ndio uzito wa sindano. Hilo nililiona kwa macho yangu, wala sikulifikiria.

Mume wa Mama alikuwa mpishi wa mkaguzi mmoja Mzungu wa mifugo, siku zile za zamani. Mkaguzi alipoondoka nchini alimwachia gramafoni, nayo wakati huo tayari ilikuwa imezeeka. Kabla ya hapo, walipokuwa Nairobi, rafiki ya mumewe aliyekuwa akipiga gitaa alikuwa amealikwa kurekodi santuri. Mtu wa sauti ya pili akaugua. Mpishi akachukuliwa jikoni, akaimba, akarudi kupika. Jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Alipewa nakala tatu. Moja ilivunjika, moja iliazimwa na haikurudi. Mumewe alifariki Esther akiwa hajazaliwa.

"Tunacheza Krismasi tu," Mama akaniambia. "Tukitoka kanisa. Mara moja, halafu tunaweka. Ndio isiishe. Sasa Krismasi mbili hatujamsikia."

"Na mwaka huu nitarekodi na simu," Esther akasema, akiniita babu kwa Kimeru. "Hata ikivunjika, tuko na yeye. Guka, tengeneza tu huo mdomo. Tukuje Jumapili na simu?"

"Jumapili mtaikuta tayari," nikasema. "Lakini niletee na sanduku. Na hiyo santuri."

Mama alinitazama. "Santuri ya nini? Iliyovunjika ni mdomo."

"Ya kupima, Mama. Kazi yangu haitoki hapa bila kupimwa."

"Lazima?"

"Lazima. Miaka yangu arobaini yote kazini nimefanya hivyo."

Mama akasema, "Ejok," ndiyo kusema sawa kwa Kiturkana, lakini alisema polepole. Jioni hiyo Esther aliniletea sanduku kwa bodaboda, na santuri ikiwa imefungwa ndani ya sweta ya mtoto.

Mabonde ya mdomo niliyatoa vizuri, na hapo sijilaumu. Nilichonga gogo la mviringo, nikalipitisha ndani, nikagonga kwa nyundo ya mti kutoka pembeni kuelekea katikati, kidogo kidogo, maana ukianza katikati bati linavutika na kuacha tumbo. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili, na mikono yangu ilifurahi sana, sitaki kudanganya.

Shingo ndiyo iliyonishinda, ingawa nilidhani nimeishinda. Nilikuwa na kipande cha debe la mafuta ya kupikia, chepesi, kingetosha. Nilikishika, nikakirudisha. Nikakata kiraka kutoka kwenye baki la tangi, geji ishirini na nne, kwa sababu kiraka kiwe kizito kuliko kitu chenyewe. Nikakizungusha shingoni, nikatia ribiti nne, nikakizamisha kwenye lehemu pande zote. Kisha nikaziba tundu la nyuma kwa gunzi la mahindi, nikalisimamisha tarumbeta la muziki ndani ya karai, nikalijaza maji mpaka ukingoni. Nikanywa chai. Nikapapasa chini. Halikutoka tone.

Mnacheka? Chekeni. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Hakuna mtu aliyewahi kumwaga maji kwenye wimbo, lakini mimi nilifanya hivyo nikiwa na uso wa mtu anayefanya jambo la maana, na jirani alipopita na kuniuliza ninachotaka kuchemsha humo, nilimkaripia. Nilipolikausha na kulinyanyua nilihisi limekuwa zito upande wa shingo. Nilihisi kabisa, mkono wangu uliniambia. Niliuambia mkono wangu kwamba uzito ni uimara.

Jumamosi saa tisa mchana niliweka kila kitu mahali pake. Nikatoa santuri kwenye sweta, nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, nikazungusha mkono wa chuma, nikashusha sindano. Sauti ikatoka. Gitaa kwanza, kisha watu wawili wakiimba. Nikainama, nikaweka sikio langu karibu na kiraka.

Nilikuwa nasikiliza lehemu. Nataka mlielewe hili jinsi lilivyo. Nilikuwa natafuta mtetemo, ule mlio wa nzi unaotoka kwenye ribiti isiyokaza, na haukuwepo. Kiraka kilinyamaza kabisa. Nilifurahi, nikaita jina la msimamizi wangu wa zamani kwa sauti kana kwamba yuko pale barazani. Mbele ya sindano niliona unga mweusi unajikusanya kama masizi, nikadhani ni uchafu wa miaka miwili, nikaupuliza. Wimbo ulipokaribia mwisho niligeuka kutafuta kitambaa cha kung'arishia mdomo. Niliporudi sahani ilikuwa inazunguka bure.

Nilitaka kusikia tena, safari hii kwa raha yangu. Nikashusha sindano. Ilitoka sauti ya mafuta yanayokaanga, na ndani yake, mbali sana, kitu ambacho kingeweza kuwa mtu. Nikaisimamisha. Nikainamisha santuri kwenye mwanga wa jua, nikaona: mifereji iliyokuwa imeng'aa, myembamba kama nywele, sasa ilikuwa njia ya kijivu kutoka ukingoni mpaka katikati. Uzito wa kiraka changu ulikuwa umeisukuma sindano ndani na kuikwangua sauti yote ya mtu yule kwa mara moja. Ule unga mweusi nilioupuliza ukapotelea uani ulikuwa ni yeye.

Nilikaa pale mpaka chai niliyojiwekea ikapoa. Nimewahi kuzika wazazi, na mke wangu, lakini sijawahi kuona haya ya namna ile. Wangekuja kesho yake na simu. Tofauti ilikuwa siku moja.

Jumapili walikuja wametoka kanisani. Mama alikuwa amevaa shanga zake zote shingoni, zile za siku kubwa. Esther alikuwa na simu iliyojaa chaji na betri ya akiba. Niliwakalisha, nikawaambia. Nilisema yote kuhusu santuri: kiraka, uzito, sindano. Esther hakuamini mpaka nikaipiga. Ilikaanga, ikakaanga. Alikuwa ameshawasha simu yake kurekodi, akaizima, akatoka nje ya baraza akasimama kwenye jua akitupa mgongo.

Mama hakulia. Aliweka kiganja chake juu ya sahani iliyosimama.

"Sasa imeisha," akasema.

"Imeisha, Mama. Nisamehe. Mimi ndiye."

"Na jana, ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Ukasikia yote?"

"Yote."

"Haya." Alisogeza stuli karibu nami. "Niambie. Aliimba poa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ningesema: Mama, sikumsikia, nilikuwa nasikiliza bati. Maneno yalikuwa yapo mdomoni. Lakini nilimwona alivyoinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, nikashindwa.

"Aliimba vizuri sana, Mama. Sauti safi."

"Na pale mwisho? Gitaa ikiisha. Kuna mahali anakohoa, haukusikia? Walimwambia asikohoe, akavumilia wimbo yote, halafu ikamtoka pale mwisho. Alikuwa ananiambia, 'Nakiru, hiyo kikohozi ndio jina langu, kwa sababu ingine hawakuandika.' Alikohoa?"

Pale mwisho nilikuwa natafuta kitambaa.

"Alikohoa, Mama," nikasema. Na kwa kuwa mwongo hajiamini mpaka aongeze kitu, nikaongeza. "Mara mbili. Kavu, moja halafu nyingine."

Mama aliinua uso. "Mara mbili?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Esther aligeuka kule alikokuwa, akamwambia bibi yake. "Shosho, ni moja. Kila Krismasi ni moja. Mimi naijua."

"Wewe ulikuwa mtoto," Mama akamwambia. "Na mimi masikio yangu imezeeka. Fundi amesikia jana." Akarudia polepole, akihesabu kwa vidole. "Mara mbili. Miaka yote mimi nasema moja. Kumbe iko mbili."

Akanishukuru. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na akanishukuru.

Majuto ni mjukuu, husema watu, na wajukuu wangu wa namna hiyo ni wengi sasa. Kiraka nimekibadilisha. Nilikitoa lehemu yote, nikaweka kile kipande cha debe, na tarumbeta likawa jepesi kama lilivyotengenezwa, likingoja santuri ambayo haipo. Nimewaambia mafundi wote ninaowajua kosa la uzito, na wengine wameliandika kwenye madaftari. Lile la pili sijawaambia, kwa sababu halina dawa ya fundi. Santuri niliiharibu bila kujua. Kumbukumbu ya Mama niliiharibu nikijua, kwa neno moja, nikiwa nimeketi, hakuna aliyenilazimisha. Ninyi mnaoanza, pimeni kazi zenu, sheria hiyo ni nzuri na sitaitukana. Lakini mkishamaliza kupima, mtazameni aliyewaletea kitu chake, mwulizeni ni cha kufanya nini, na mkiulizwa msilolijua, semeni hamlijui. Mimi nilifanya kazi miaka arobaini na sijui hata sauti moja ya mtu aliyenywa maji ya matangi yangu.

Krismasi ile Mama alinitumia ujumbe niende Kiwanjani. Sikutaka, nikaenda. Nyumba ilikuwa imejaa watoto, wajukuu na vitukuu, pilau jikoni, na gramafoni juu ya meza ikiwa imefunikwa leso mpya. Alikuwa amenitengea kiti cha mbele. Baada ya maombi alisimama kando ya lile tarumbeta, akawaambia watoto kwamba santuri imekufa lakini babu yao hajafa, kwa sababu yeye ataimba na wao watashika. Akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ikikatika, lakini wimbo ulikuwepo, na ndiyo mara ya kwanza mimi kuusikia. Unahusu kijana aliyepanda lori bila kuaga, akikumbuka njiani kwamba hakuaga. Ni wimbo mzuri.

Alipomaliza aliinua kidole watoto wangoje. Akakohoa. Akangoja kidogo, akakohoa tena. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Ni hivyo, Fundi?"

"Ndivyo, Mama," nikasema.

Watoto wakacheka, wakakohoa wote kwa pamoja, mara mbili, wakarudia, wakubwa wakiwafundisha wadogo waache nafasi katikati. Esther alikuwa mlangoni ameshika sufuria ya chai. Alisubiri wanyamaze, akanitazama, akakohoa mara moja.